Nani Alikusomea?

Kuna ule msemo ambao kila Mkenya amewahi kurushiwa, na kwa kawaida anayeurusha ni mtu mzima mwenye gazeti kwapani: ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiandike kitabuni. Mimi niliusikia mara ya kwanza nikiwa darasa la nne, kutoka kwa mwalimu aliyekuwa amefungia vitabu vyote vya hadithi kwenye kabati lenye kufuli. Siku hizi msemo umebadilishwa nguo tu. Ati vijana hawasomi. Ati habari zao zote wanatoa TikTok. Ati wana simu ya elfu thelathini na hawajui hata katiba ina sura ngapi. (Ni 18. Nimeangalia kwa simu.)

Sina haja ya kubishana kama vijana wanasoma. Ninalo swali la kihistoria: ni lini, katika nchi hii, watu wengi walipata habari kwa kukaa peke yao na karatasi? Nimeutafuta huo wakati na siuoni. Kila nikichimba nakuta mtu mmoja anasoma na wengine wamemzunguka. Kwa hivyo kitu ninachotaka kujua kuhusu kijana yeyote, wa zamani au wa leo, ni nani alimsomea, na kama huyo msomaji angeweza kumwonyesha ukurasa.

Tuanze 1921. Nairobi ilikuwa imejaa vijana waliotoka mashambani kutafuta kazi, na mambo yalikuwa magumu. Ushuru wa kibanda ulikuwa umepandishwa hadi shilingi 16. Kipande kilikuwa kimeanza kuvaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Halafu waajiri Wazungu wakakubaliana kukata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja, kwa sababu bei ya mazao yao ilikuwa imeanguka.

Mfanyakazi wa kawaida angejuaje haya yote? Matangazo ya serikali yalikuwa kwa Kiingereza. Magazeti ya walowezi yaliandikiwa walowezi. Aliyejua ni yule aliyekuwa ndani ya mitambo. Harry Thuku, kijana wa miaka 26 hivi, alikuwa opereta wa simu katika Hazina ya serikali. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi kwenye gazeti la walowezi, Leader of British East Africa, akipanga herufi za kuchapisha. Yaani jamaa alikuwa amepitia teknolojia mbili kubwa za habari za enzi yake, herufi za risasi na waya wa simu. Kama 1921 ilikuwa na mzawa wa kidijitali, ni huyu.

Julai mwaka huo Thuku alituma telegramu moja kwa moja hadi London, Wizara ya Makoloni, akiwaruka machifu na maafisa wote wa hapa. Katika uchapishaji alisaidiwa na M. A. Desai, Mhindi aliyekuwa mhariri wa East African Chronicle. Kisha akasimama mikutanoni mbele ya watu ambao wengi hawakujua kusoma, akawaambia ni nini kimeandikwa kuhusu mifuko yao. Hazina ikamfuta kazi. Machi 14, 1922 akakamatwa. Siku mbili baadaye umati ulikuwa nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, pale karibu na Norfolk Hotel, na wanaume walipoanza kusitasita Mary Muthoni Nyanjiru aliwakejeli mpaka wakaona aibu. Polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliokufa. Wengine walisema ni zaidi, na Nyanjiru alikuwa mmoja wao. Thuku akahamishiwa Kismayu, na akakaa uhamishoni kwa miaka mingi. Barabara inayopita pale leo ina jina lake, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi huipita kila siku macho yakiwa kwenye simu, kitu ambacho mimi naona kinamfaa kabisa huyo mzee.

Miaka hiyo hiyo kuna kisa kingine ninachokipenda kuliko vyote. C. L. R. James, mwanahistoria kutoka Trinidad, aliandika kwamba alisimuliwa na Jomo Kenyatta mwenyewe. Gazeti la Marcus Garvey, Negro World, lilikuwa likichapishwa New York na kuingia Kenya. Watu wasiojua kusoma walimzunguka anayejua. Akasoma makala mara mbili, mara tatu. Kisha wasikilizaji wakatawanyika kila mmoja na njia yake msituni, wakakimbia kwenda kuwarudia wengine makala nzima waliyoishika kichwani.

Kufowadi kwa miguu, ndiyo. Lakini angalia vile walivyofanya. Walisomewa mara mbili au tatu kabla ya kuondoka. Walibeba makala nzima, kichwa cha habari hakikuwatosha. Na aliyepokea ujumbe upande ule mwingine wa msitu alimwona aliyeuleta, akaujua uso wake na mama yake, na alijua ukitoka wapi: gazeti fulani, lililosomwa na fulani. Makaratasi yalikuwa machache ila mnyororo ulikuwa haujakatika popote.

Redio ilikuja ikafanya kazi ile ile kwa sauti kubwa zaidi. Redio moja, nyumba sita, na mwenye betri ndiye aliyechagua stesheni. Sina mengi zaidi ya kusema hapo.

Mahali mnyororo ulipokatika, kwa maoni yangu, ni miaka ya 1980, na ulikatwa kwa makusudi. Juni 1982 Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kisheria. Agosti 1 likaja jaribio la mapinduzi. Baada ya hapo karatasi ikawa ushahidi wa jinai. Maina wa Kinyatti, mwalimu wa historia chuoni Kenyatta, alifungwa miaka 6 kwa kukutwa na maandishi ya uchochezi. Kufikia 1986 watu walikuwa wakishukiwa kuwa wa Mwakenya, wakipelekwa vyumba vya chini vya Nyayo House, na baadhi walihukumiwa kwa sababu ya kijarida tu. Kwa hivyo watu wakajifunza adabu mpya ya habari. Unapewa kikaratasi kilichorudufishwa, unasoma haraka, unachoma au unapitisha. Huulizi kimetoka kwa nani. Kuuliza ni hatari kwako na kwake. Kutojua chanzo kukawa ndio usalama.

Adabu hiyo iliokoa maisha ya watu, siwezi kuicheka. Ila ilikaa ndani yetu hata baada ya vyama vingi kurudi, na simu za mkononi zilipofika zikaikuta tayari. Desemba 30, 2007, saa chache baada ya matokeo ya urais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari. Televisheni zikaonyesha vipindi vingine. Watu wakarudi kwenye njia waliyoijua: ujumbe usio na jina la mwandishi, safari hii kwa SMS. Nyingine zilikuwa za kuonya jamaa barabara gani imefungwa. Nyingine zilichochea kabila moja dhidi ya lingine, na aliyezipokea hakuwa na njia yoyote ya kujua nani aliyeziandika. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa.

Katikati ya hayo, Januari 2008, mwanasheria Ory Okolloh aliomba kupitia blogu yake watengeneza programu wajitokeze wachore ramani ya yaliyokuwa yakitokea. Walijitokeza, na ndani ya siku chache wakaunda Ushahidi. Ninalipenda jina hilo kuliko hata programu yenyewe. Ulituma ripoti kwa simu au mtandaoni, ikawekwa kwenye ramani na mahali na tarehe, na ikawekwa alama kama imethibitishwa au bado. Yaani swali la yule mtu wa msituni lilirudi: umeona mwenyewe, au umeambiwa?

Wakati huo mimi nilikuwa mtoto wa saiba. Neno "mzawa wa kidijitali" lilikuwa tayari limebuniwa na Mmarekani Marc Prensky mwaka 2001, akimaanisha watoto waliokulia ndani ya kompyuta na kuwafanya walimu wao wageni. Kwetu Nakuru mzawa huyo alikuwa na dakika 15 na shilingi 15. Hukuwa na muda wa kusoma. Ulimwambia kijana wa saiba unachotaka, "nipatie notisi za photosynthesis", yeye akatafuta, akafungua ya kwanza iliyotokea, akachapisha, ukalipa bob 10 kwa ukurasa. Yeye ndiye aliyekuwa msomaji wetu. Alichagua kwa kasi ya mtu mwenye foleni ya wateja, na hakuna siku nilimwona mtu akimuuliza kwa nini amechagua hiyo na si ile. Halafu Julai 2009 waya wa SEACOM ukawashwa Mombasa, bei za intaneti zikaanza kushuka, na polepole yule kijana akahamia mfukoni mwetu. Tabia alituachia: ya kwanza iliyotokea ndiyo jibu.

Hii tabia si ya Nakuru pekee, na si ya vijana pekee. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwachukua wanahistoria 10 wenye shahada za uzamifu, wanafunzi 25 wa Stanford, na watu 10 ambao kazi yao ni kukagua ukweli wa habari. Wakawapa kurasa za mtandaoni wazipime. Wanafunzi walidanganywa na nembo nzuri na majina mazito. Wanahistoria nao pia, wengi wao! Walisoma ukurasa kwa makini, kutoka juu hadi chini, kama walivyofunzwa, na bado wakaliamini kundi lililojipa jina linalofanana na la chama kikubwa cha madaktari. Wakaguzi hawakukaa. Walifungua ukurasa, wakatoka karibu mara moja, wakaenda kuuliza kwingine: hawa ni nani, nani amesema nini kuwahusu? Walielewa zaidi kwa kusoma kidogo. Mimi ninayependa kusoma hadi nukta ya mwisho, matokeo hayo yaliniuma.

Sasa njoo Mei na Juni 2024.

Mswada wa Fedha ulipotoka, ulikuwa PDF ya Kiingereza. Katiba, kifungu cha 7, inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi, lakini miswada yetu huandikwa kana kwamba moja imekufa. Na si Kiingereza cha kawaida. Mswada wa fedha hauandikwi "tutatoza mkate ushuru". Unasema sheria fulani, jedwali fulani, irekebishwe kwa kufuta aya fulani. Ndiyo basi. Mkate wa kawaida ulikuwa kwenye orodha ya bidhaa zenye VAT ya asilimia sifuri. Ukiufuta kwenye orodha, unaangukia asilimia 16 bila mtu kutamka neno ushuru. Kuuelewa mswada lazima ufungue sheria mama upande wa pili, utafute hiyo aya, usome kilichomo, kisha urudi. Mtu anayesoma PDF hiyo peke yake kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kama mwanahistoria mwema atamaliza akiwa hajui kitu.

Vijana hawakuisoma hivyo. Waliigawana. Mwenye kujua uhasibu alichukua ushuru, wakili akachukua vifungu, msichana wa TikTok akasimama mbele ya sufuria akaeleza ushuru wa mazingira utafanya nini kwa bei ya pampasi. Kulikuwa na maelezo kwa lugha za mama na kwa lugha ya ishara. Watengeneza programu wakaulisha mswada kwenye roboti la akili mnemba ili uulize, "mimi nina boda, hii inanihusu vipi?" ujibiwe. Usiku watu walikaa kwenye Spaces za X wakisomeana. Ushuru wa gari wa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka ulionekana na kila mtu. Lakini wengine walichimba mpaka wakafika kwenye kifungu kilichotaka kuipa KRA njia ya kuzunguka Sheria ya Kulinda Data, kitu ambacho hakina bei dukani na hakiwezi kutoshea kwenye bango. Hicho ndicho kinachonionyesha kwamba kuna mtu alisoma kweli.

Kazini wangu, mtoto wa shangazi, alikuwa na miaka 22. Nilimkuta jikoni kwetu akiwa na mswada kwenye simu na sheria ya VAT kwenye laptopu. Nikamuuliza ni assignment? Akasema, "Hapana, kuna jamaa anasema mkate unapanda. Nataka kuona kama anatubeba." Alikuwa ameona video, hakuiamini, hakuikataa. Alirudi nyuma hadi kwenye aya. Baadaye mama yangu akapiga simu kutoka kijijini, amefowadiwa ujumbe ule ule na kikundi cha kanisa. "Hii ni ya ukweli?" Kazini akamjibu, "Ni ya ukweli, Auntie, nimeisoma," akamtumia picha ya ukurasa, mstari umepigwa rangi ya njano. Mama haisomi Kiingereza cha sheria. Picha aliitaka hata hivyo.

Serikali ikasema Juni 18 kwamba mkate na gari vimeondolewa. Zamani hapo ndipo mambo yangeisha. Watu wakasema leteni ripoti ya kamati tuone mmeongeza nini kwingine. Juni 20 wabunge 204 wakapiga kura ya ndiyo na 115 ya hapana, na majina yakawa kwenye kila simu. Jioni ya siku hiyo Rex Masai akapigwa risasi mjini. Juni 25 mswada ukapita kwa kura 195 dhidi ya 106, watu wakaingia Bunge, polisi wakaua, na intaneti ikayumba nchi nzima, siku moja tu baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kusema haina nia ya kuizima. Kesho yake Rais Ruto akakataa kutia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuja kuhesabu vifo 60 katika maandamano ya mwaka huo.

Sitaki mtu adhani simu ilikuwa malaika. Usiku wa Juni 25 idadi za waliouawa zilikuwa zikipaa kila ukifungua WhatsApp, nyingine bila jina, bila mahali, bila saa. Picha za zamani kutoka nchi nyingine zilipewa tarehe za Kenya. Na lile roboti, hata likiwa limelishwa mswada halali, linaweza kukujibu kwa ujasiri kitu ambacho hakimo, kwa sauti ile ile linayotumia likisema kweli. Ni kijana wa saiba aliyerudi, ana adabu nzuri zaidi na hana foleni. Kazini analitumia, lakini swali lake la pili kwake huwa ni moja: kifungu gani?

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko uongo ni woga. Kuanzia Juni 2024 vijana walianza kuchukuliwa na watu wasiovaa sare, kwenye magari yasiyo na namba za kweli, baadhi yao kwa sababu ya walichoandika mtandaoni. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu, alikamatwa Homa Bay kuhusu machapisho ya mtandaoni, akasafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ikaonyesha alipigwa na kukabwa shingo, na nakumbuka jinsi watu walivyoisambaza mstari kwa mstari, kwa sababu safari hii ukurasa ulikuwepo. Kituo hicho ndicho kile kile cha Machi 1922, kando ya barabara ya Harry Thuku.

Matokeo yake nayaona kwenye simu za watu ninaowajua. Akaunti zimebadilishwa majina. Video za kueleza mswada zimefutwa na wenyewe. Spaces nyingi hazikurekodiwa. Watu wameanza tena kutuma vitu na kuandika "usiulize nimetoa wapi". Ile adabu ya 1986 inarudi, na mtu anayeifuata leo ana sababu zile zile nzuri za kuifuata.

Telegramu ya Thuku tunaijua kwa sababu maafisa waliomchukia waliiweka kwenye faili. Wakoloni walikuwa watu wa kutunza faili. Sijui faili ya Juni 2024 nani anaitunza, na jumba letu la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, ambalo nalipenda sana, halikujengwa likisubiri TikTok. Nilimuuliza kazini kama bado ana ile PDF yenye mistari ya njano. Akacheka, akasema simu ile iliibiwa Globe. Lakini picha alizomtumia mama bado ziko, kwa sababu mama hajui kufuta kitu kwenye WhatsApp na simu yake imejaa miaka mitano ya mahubiri, maua ya asubuhi njema, na katikati yake aya za sheria ya VAT. Krismasi tulizihamisha kwenye flash, 41 zote, pamoja na tarehe na saa zake. Mama akauliza tunazitakia nini, kisha akaiweka flash kwenye mkebe wa biskuti anamoweka hati ya shamba.